Sauti Aliyoondoka Nayo

Mjomba aliingia gereji kwangu saa nne asubuhi na gari ambalo milango yake inajifunga yenyewe, taratibu, utadhani inaogopa kumuudhi mtu. Alishuka, akanyoosha suruali, akatazama huku na huku kana kwamba anakagua shamba alilorithi. Nilimwamkia. Shikamoo ni ya umri, si ya tabia, na mimi sikulelewa porini. Aliitikia marahaba kwa furaha, akaniita mpwa wangu, akasema nimenenepa.

Alisema gari lina mvumo. Kuanzia mwendo wa sitini kitu kinanguruma huko nyuma, na kadiri anavyokanyaga mafuta ndivyo kinavyopanda. Wauzaji wenyewe walishabadilisha beringi mara mbili, wakabadilisha na mipira ya milango, na mwishowe wakamwambia gari ni zima, labda akapime masikio. Ndipo mtu akamwelekeza kwa fundi wa sauti anayeitwa Sikio. Hakujua Sikio ni mimi mpaka aliponiona, na aliponiona hakuona haya hata kidogo. Kuona haya kunahitaji kumbukumbu, na mjomba alikuwa ameshazifagia zake zamani.

Jina la Sikio nimepewa na wateja, nami silikatai ingawa ni la kuchekesha. Nina sikio moja tu linalofanya kazi, la kulia. La kushoto halisikii chochote cha nje, ila ndani lenyewe linapiga filimbi nyembamba, mchana kutwa na usiku kucha, mwaka wa tisa huu, bila kupumzika hata sikukuu. Aliyeniwekea filimbi hiyo ndiye huyu aliyekuwa amesimama mbele yangu akipangusa vumbi kwenye kioo cha gari kwa leso.

Nieleze, maana bila hili mengine hayataeleweka. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa na karakana ya matairi ya malori, na mimi, mwanamke pekee pale, nilikuwa fundi wake. Tairi la lori halijazwi upepo hivi hivi. Linaingizwa kwanza ndani ya kizimba cha vyuma, ili likipasuka, chuma kipokee kishindo badala ya mtu. Kizimba chetu mjomba alikuwa amekichukua nyumbani kwake kufugia kuku. Nilimwuliza mara tatu kitarudi lini. Siku hiyo mteja alikuwa na haraka, mjomba akaniambia nijaze tu, tairi lenyewe zuri, niache woga. Nikajaza. Pete ya chuma inayobana tairi kwenye ringi iliruka ikapita pembeni ya kichwa changu, na kishindo chake ndicho kilichobaki humu ndani.

Nilipotoka hospitali baada ya siku sita, kizimba kilikuwa kimesimama karakana, mahali pake, kimepakwa rangi mpya. Mjomba aliwaambia ndugu kwamba kilikuwepo siku zote, na kwamba mimi kwa kiburi changu nilikataa kukitumia. Nilisema hapana, kilikuwa kwake, kina kuku. Hakuna aliyenisadiki. Kikao cha familia kikakaa, kaka yangu mkubwa mwenyekiti, nikaambiwa nimemchafulia jina mtu mzima. Nilipiga magoti na bandeji kichwani, nikamwomba mjomba radhi. Mama ndiye aliyeniambia nipige magoti.

Tangu siku hiyo, nikisema jambo lolote mbele ya mama, hata kwamba nje kunanyesha, huchungulia dirishani kwanza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko sikio. Sikutaka fidia, wala sikutaka mjomba afungwe. Nilitaka jambo moja tu: mama alisikie, kwa mdomo wa mdogo wake, kwamba sikusema uongo. Mama ana miaka sabini na moja na kifua kinamsumbua, nami nilikuwa naogopa kwamba ataondoka duniani akiniita mwongo moyoni mwake.

Basi nikanyoosha mkono, nikapokea ufunguo wa gari.

Mtu mwenye sikio moja hajui sauti inatoka upande gani. Wenye mawili wanajua bila kufikiri, na ndiyo maana wanakosea kwa kujiamini. Wale wauzaji walisikia mvumo nyuma kushoto, wakakimbilia beringi ya nyuma kushoto. Mimi sina anasa hiyo, mimi nathibitisha. Nilimweka mjomba kiti cha pembeni, nikapeleka gari kwenye barabara mpya yenye lami laini, kisha kwenye ile ya zamani ambayo kokoto zimechomoza, kwa mwendo uleule. Kwenye laini mvumo ulififia, kwenye kokoto ukavimba. Beringi mbovu haichagui lami. Nikatoa gia, nikaliacha gari lijiendee lenyewe, na mvumo haukubadilika, kwa hiyo injini nayo ilikuwa haimo. Nikaliyumbisha kushoto na kulia mpaka mjomba akashika mpini wa mlango na kuniuliza kama nina leseni. Beringi ingekuwa na shida, ingelalamika upande unaobebeshwa uzito, lakini haikulalamika. Nikasimama, nikabandika utepe wa karatasi kwenye nyufa zote za milango, maana upepo nao ni mjanja, hujifanya tairi. Tukarudia, hakuna tofauti.

Tuliporudi gereji nilihamisha matairi ya nyuma yakaja mbele, na ya mbele yakaenda nyuma. Tukatoka tena. Mjomba mwenyewe akasema, eh, sasa mbona unatokea miguuni kwangu. Ukimhamisha mtuhumiwa na kelele zikahama naye, huhitaji shahidi mwingine.

Kilichobaki ni kazi ya mkono. Tairi zima ukilipitishia kiganja kwenda na kurudi, linateleza kote. Haya ya mjomba ukienda yanateleza, ukirudi yanakukwaruza, meno kama ya msumeno. La kushoto lilikuwa nayo duara zima, la kulia ndiyo kwanza linaota. Kila jino likipiga lami linatoa mlio wake, na yakipiga mamia kwa pamoja ndiyo huo mvumo. Lakini tairi halioti meno bila sababu. Huota pale gurudumu linapokwenda likikokotwa kiubavu, na gurudumu hukokotwa kiubavu likiwa limegongwa.

Nikamwuliza mjomba kama gari limewahi kugonga ukingo wa barabara. Akasema halijawahi. Nikauliza tena, labda kuna mtu mwingine aliyeliazima. Akasema gari hili halijawahi kugusa hata jani. Wakati huo mimi nilikuwa chini ya gari, na mbele ya pua yangu palikuwa na mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, umepinda, na kwenye ringi niliyoitoa hapo rangi nyeupe ya ukingo imegandia. Nilicheka peke yangu kule chini. Miaka tisa, na mtu hajabadilisha hata namna ya kudanganya. Anakana kwanza, halafu anaongeza chumvi.

Sikumwumbua. Niling'oa ule mkono nikaweka mpya, nikapanga magurudumu kwa mashine, nikafunga matairi mapya manne. Kazi ilichukua siku mbili. Nilipolijaribu, gari lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia saa yangu ya mkononi. Mpaka hapo nilikuwa fundi, na kazi yangu ilikuwa safi.

Sasa, kuna jambo ambalo sisi mafundi wa sauti hatulifanyi. Hatumwonyeshi mteja sauti ambayo hakuja nayo. Gari lolote, liwe la rais au la muuza mitumba, lina sauti zake ndogondogo ambazo si ugonjwa, na mwenye gari hazisikii kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Ukimwonyesha moja, umemharibia maisha. Ataisikia kila siku, na hakuna spana ya kuitoa kichwani mwake. Nimewahi kumfukuza fundi kazi kwa kosa hilo, fundi mzuri, na sikujuta.

Mjomba alipokuja kuchukua gari nilimwambia tulijaribu pamoja. Safari hii aliendesha yeye. Alifurahi mpaka akaanza kuimba chinichini. Akasema kwa kweli kipaji ninacho, na kwamba hata enzi zile za karakana alikuwa akiwaambia watu, huyu mtoto mikono anayo, tatizo lake ni kiburi tu. Aliyasema hayo kwa upole kabisa, huku akinipigapiga begani. Hapo ndipo nilipokata shauri.

"Mjomba, punguza mwendo kidogo. Hapohapo. Unaisikia hiyo?"

"Ipi?"

"Nyembamba, iko chini ya zote. Kama ndoo tupu imegongwa mbali, halafu haimalizi kulia."

Alitega, akasema hasikii kitu. Sikuwa na haraka. Nilingoja mpaka tukafika kwenye daraja, pale penye chuma cha kuunganishia, ambapo tairi likipita hugongwa, hewa iliyomo ndani yake ikalia. Nikamwambia sasa. Tukapita. Nikaona shingo yake ikikaza.

"Naam," akasema. "Naam, ipo."

"Na bado ipo, sivyo? Haijakatika."

Haikuwa imekatika. Ni hewa tu, inavuma ndani ya duara la tairi, na imo katika kila tairi duniani. Katika magari yetu ya kawaida imefunikwa na makelele mengine. Katika gari lililonyamazishwa ndipo inapopata nafasi ya kusema. Si ubovu, na nilimwambia ukweli kwamba si ubovu, gari ni zima, aende zake kwa amani. Nilijua amani hataipata. Nisijifanye malaika: nilifanya kwa makusudi, na siku nzima nilifanya kazi nikipiga mluzi.

Alirudi baada ya siku nne. Alidai upepo umezidi. Nikapima mbele yake, upepo ulikuwa sawa. Juma lililofuata akaja na matairi ya kampuni nyingine aliyoshauriwa na rafiki yake, nikayafunga, akaenda, akarudi jioni ileile akisema yale ya kwanza yalikuwa afadhali. Akaweka mazulia mazito. Akafungulia redio kwa sauti kubwa, akasema anaisikia katikati ya taarifa ya habari. Mke wake alimwambia hasikii chochote, wakabishana, akamshusha njiani mbele ya duka la dawa akaondoka. Alikonda. Macho yalimwingia ndani. Alinihadithia kwamba sasa anaisikia hata akiwa amelala kitandani, gari limefungiwa bandani. Nilimsikiliza vizuri kuliko daktari, nikampa pole. Pole yenyewe ilikuwa tamu kuitoa.

Mara ya sita aliketi kwenye benchi la gereji karibu na pipa la oili chafu, akasahau hata kutandika leso. Akaniuliza, mpwa wangu, kweli hakuna dawa?

Dawa ilikuwepo. Kuna matairi ambayo kwa ndani yamegandishwa sponji kuzunguka duara lote, na ile sponji huumeza mlio. Nilikuwa nimeshayaagiza manne ya saizi yake, tangu wiki ya pili, yamo stoo yamefunikwa turubai. Nikampeleka, nikafunua. Aliingiza vidole ndani ya la juu, akaibonyeza ile sponji, akafumba macho. Nikarudisha turubai.

"Nitayafunga siku utakapomwambia mama kizimba kilikuwa wapi."

Akasema hayo ni mambo ya zamani. Nikamwambia filimbi yangu si ya zamani, inalia sasa hivi tunapoongea. Akalitazama sikio langu la kushoto, nadhani kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bandeji.

"Inalia vipi?" akauliza.

"Kama hiyo yako. Tofauti ni kwamba mimi sina gari la kushuka."

Akaligusa turubai kwa ncha ya kidole. Kisha akasema twende Jumamosi.

Mama tulimkuta sebuleni karibu na dirisha, anashona vifungo vya gauni. Alipotuona tumeingia pamoja alifurahi, akasema leo dua zake zimejibiwa, akataka kuinuka atuletee chai. Mjomba akamwambia aketi. Yeye mwenyewe hakuketi. Mimi nilisimama mlangoni, maana namjua, asije akakumbuka ghafla ana safari.

Aliyasema yote, haraka, akitazama sakafu. Kwamba kizimba kilikuwa nyumbani kwake, kina kuku. Kwamba yeye ndiye aliyeniamuru nijaze tairi bila hicho kizimba. Kwamba mpwa wake hakusema uongo hata neno moja.

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka tisa. Nilimkazia mama macho nisipitwe na chochote: mshtuko, machozi, mkono kifuani, hata hasira. Hapakuwa na kitu. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Ni hilo tu?" akamwuliza mdogo wake. "Nilidhani kuna mtu kafa."

Nilimwuliza kama amesikia vizuri kilichosemwa.

"Nimesikia. Kilipokuwa napajua. Lile lichuma mtu mmoja haliwezi, mwanangu. Unadhani nani alishika upande wa pili?"

Alieleza bila kupandisha sauti, sindano bado mkononi. Siku ileile, mimi nikiwa chumba cha upasuaji, walikipakia kizimba kwenye pikapu, yeye na mdogo wake, wakakirudisha karakana. Yeye ndiye aliyekisugua mavi ya kuku kwa maji ya moto kabla hakijapakwa rangi. Wakaguzi wa ajali za kazini walikuwa waje kesho yake. Mdogo wake alikuwa na watoto wanne shuleni, na angefungwa. Yeye alimbeba mgongoni tangu akiwa mchanga, mama yao alipofariki, na hangeweza kumwona akienda jela. Mimi sikuwa na mtoto wala mume, na nilikuwa na nguvu.

"Mzigo nilimpa mwenye mgongo," akasema.

Kumbe miaka tisa alikuwa akichungulia dirishani huku akijua fika kwamba kunanyesha. Nilimtazama mjomba. Alikuwa bado anatazama sakafu, na nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa amekubali kuungama kwa sababu alijua hakuna wa kushtuka. Maneno yote niliyoyatunza yalikuwa ya mama asiyejua, na mama huyo hakuwahi kuwepo. Nikauliza swali la kijinga, lililokuja lenyewe.

"Kuku mliwaweka wapi?"

"Jikoni kwangu," mama akasema, na uso ukamlainika. "Mmoja ndiye niliyekuchinjia. Ile supu niliyokuletea hospitali, si uliimaliza yote ukaomba nyingine? Nilifurahi sana siku ile."

Ile supu naikumbuka. Ndiyo kitu cha kwanza kilichokaa tumboni baada ya siku mbili za kutapika. Siku ile nilimshika mama mkono nikamwambia hakuna anayenipenda kama yeye. Akanipangusa mdomo kwa upande wa kanga, akaniambia nipumzike.

Sasa alikuwa ananishika mkono tena. Akasema basi yameisha, nimfungie mjomba wangu matairi yake, na neno hili lisitoke humu ndani. Kaka zangu wawili wasilisikie hata kwa bahati mbaya, maana watamdharau uzeeni, na yeye hana kingine zaidi ya heshima ya wanawe. Aliomba vizuri, kwa sauti ya chini, kama mama anavyopaswa kuombwa na si kuomba. Mjomba akaona nafasi, akasema kwamba yeye upande wake ametimiza, na kuuliza kama matairi yanaweza kufungwa leo, kabla gereji haijafungwa.

Nilitoa mkono wangu mkononi mwa mama. Nikachukua simu, nikampigia kaka mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti wa kile kikao, nikamwambia amwunganishe na kaka wa pili kwenye simu hiyohiyo. Nikafungulia spika, nikailaza simu juu ya meza, kati ya kopo la vifungo na mkasi. Mama akaniambia nikate. Akaniambia nitamwua. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka, nilikiona vizuri, na sikukata.

Kaka zangu wakawa wanaulizana kule kuna nini, nani anaumwa.

"Hakuna anayeumwa," nikawaambia. "Mama ana neno na ninyi."

Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake.

"Anza na kuku, mama."